Mshono wa Ijumaa

Muuguzi alipoita jina la Ochola katika kliniki ya macho mjini Kisii, mwezi wa tatu mwaka huu, niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kadi yangu mfukoni. Nilijiambia kwamba kina Ochola ni wengi, na kwamba mtu akiitikia kila jina analolijua atazeeka kabla ya wakati wake. Lakini mzee aliyesimama alikuwa mrefu, mgongo umejipinda kidogo, na alitembea akiutanguliza mguu wa kulia kwa namna ninayoijua. Tulikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu tulipofanya kazi pamoja, wote wawili mafundi wa kuchomelea chuma, na sasa wote wawili tulikuwa tumefika pale kulipia mwanga ule tulioutazama. Alipotoka kwa daktari alipita mbele ya benchi langu, akasimama, akanitazama kwa muda. "Nyakundi," akasema, "bado unaangalia watu kama wamekuibia ng'ombe." Tulishikana mikono. Tuliongea habari za matone ya dawa, foleni na wajukuu, akaniambia anakaa Oyugis na nikipata nafasi nimtembelee. Habari ya tangi hakuigusa, nami sikuigusa. Nilifika nyumbani Ikonge chakula kikanishinda, mke wangu akauliza daktari amesema nini, nikamwambia daktari hana neno.

Ya kwetu na ya utoto wangu nayaacha, maana hayana la kumfundisha mtu. Mwaka ninaotaka kuusimulia ni mmoja, wa sabini na mbili, na sehemu kubwa ya mwaka huo niliimaliza ndani ya tangi la mafuta. Kulikuwa na depo pembeni mwa mji wa Kisii, upande wa bondeni, yenye matangi matatu: la petroli, la mafuta ya taa na la dizeli. La dizeli ndilo lililokuwa kubwa. Ungeweza kuliingiza kanisa letu la Ikonge humo ndani na waumini wake wote, na bado pakabaki nafasi ya wasengenyaji. Kwa nje lilipakwa rangi ya fedha likang'aa, lakini sakafu yake ilikuwa imeliwa na kutu. Kazi yetu ilikuwa kuikata sakafu ile ya zamani kipande baada ya kipande, kuitoa kupitia mlango uliokatwa ubavuni, kutandaza mchanga safi, kisha kulaza mabamba mapya ya chuma na kuyaunganisha kwa moto. Vibarua wa kukwangua tope la mafuta walitutangulia. Hewa ilipimwa siku tatu mfululizo ndipo tukaruhusiwa kuingia na moto, na hata hivyo mimi niliingia nikinusa kila kona, maana aliyepima hakuwa mimi.

Nimesema nilikuwa hivyo na sitaki mtu afikiri najisifu. Kushuku kulikuwa tabia yangu kama vile wengine wanavyokuwa na tabia ya kuimba wakioga. Nikipewa chenji naihesabu mara mbili, nikipewa sifa najiuliza anayenisifu anataka nini. Mama Moraa, mjane aliyetukodisha vyumba, alizoea kuniambia kwamba nimezaliwa nikimtazama mkunga kwa jicho la pembeni. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya soko, mabati juu, sakafu ya udongo uliopakwa samadi vizuri sana, na vyumba viwili vya wapangaji vilivyotenganishwa kwa ubao mwembamba. Chumba kimoja kilikuwa changu, cha pili cha Ochola. Jikoni kulikuwa nje, moshi wake ukipita kwangu kwanza kabla ya kwenda mbinguni, na hapo ndipo tulipokula jioni, ugali wa wimbi na chinsaga, mboga yetu ya majani machungu, iliyolala kwenye maziwa, au ndizi za kuchemsha siku ambazo Mama Moraa hakuwa na nguvu za kusonga. Chai hakunipa. Wazee wa kanisa letu enzi hizo walikataza chai, ingawa wao wenyewe walikuwa na mashamba yake. Tulichuma kwa mikono miwili kinywaji tulichoambiwa ni dhambi kukinywa, na sikumbuki mtu aliyeona ajabu.

Mkuu wetu wa kazi alikuwa Fundi Bakari, mtu wa Mombasa, mfupi, mwenye ndevu za kijivu na Kiswahili ambacho sisi wa bara tulikisikiliza kama redio. Siku tulipoinua bamba la kwanza la zamani alituita sote, akaligeuza. Juu lilikuwa na madoa tu. Chini lilikuwa limetoboka kama kichungi, na kila palipokuwa na tundu, mchangani chini yake palikuwa na bonge la udongo mwekundu, udongo wetu huu huu wa Kisii, ambao waliolijenga tangi walikuwa na uvivu wa kuuchambua. "Udongo hushika maji," akasema, "na maji hula chuma taratibu. Aliyeacha bonge hili alijua hakuna atakayeliona. Sasa nisikilizeni. Mtu akikosea mbele ya macho yangu nitamfunza. Mtu akiufukia uchafu, simtaki kazini kwangu." Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile, kwamba kazi ikiisha atamchukua fundi mmoja wa kuchomelea aende naye Mombasa kwa kazi ya kudumu, kwenye matangi makubwa kuliko hili. Alisema mmoja. Mafundi wa kuchomelea tulikuwa wawili. Nilimtazama Ochola, nikamkuta ananitazama.

Tangu siku hiyo kila kitu kilikuwa na maana. Nilikuwa nanawa mikono nyuma ya ofisi nikamsikia Fundi Bakari akimwambia karani wa depo kwamba yule mrefu ana mkono na yule mfupi ana jicho. Wiki nzima nilipima neno hilo. Mkono ni bora kuliko jicho, au jicho ni bora kuliko mkono? Nilimuuliza Mama Moraa bila kumwambia sababu, akajibu kwamba inategemea kama unaosha vyombo au unachunga mbuzi. Jumapili mchana Ochola alikuwa akipata wageni, vijana wa kwao waliofanya kazi mijini, reli ya Kisumu, posta, maduka ya Wahindi. Walikaa chumbani mwake wakaongea Kijaluo na kucheka. Sikujua Kijaluo hata cha kuombea maji, lakini jina langu nililijua, na katikati ya maneno yale lilikuwa likipita mara mbili, mara tatu, kisha kicheko. Nikitoka kazini mapema nilikaa upande wangu wa ubao nikiwa na viatu mkononi ili wasijue nimefika. Leo nikikumbuka kijana yule amekaa kitandani na viatu vyake mapajani, sijui nimwonee huruma au nimzabe kofi.

Halafu kulikuwa na samaki. Ochola alikuwa akienda kwao mara moja kwa mwezi na kurudi na samaki wa kukaushwa, na kila mara alimpa Mama Moraa atupikie sote. Sisi Wasabato tuliwala samaki wenye magamba. Kamongo na mumi tuliwaacha, maana Maandiko yamewakataa. Samaki akishakaushwa na kukatwa vipande, ngozi imetolewa, nitajuaje alikuwa nani majini? Nilikaa mbele ya sahani nikigeuza kipande kwa kidole. Mama Moraa alikasirika. "Nyakundi, chakula haiulizwi kitambulisho," akasema. Ochola hakukasirika. Mwezi uliofuata alileta ngege wazima wawili, magamba yao yote yakiwapo, akawalaza juu ya meza mbele yangu. "Hesabu mwenyewe, omera," akasema, na omera kwao ni ndugu. Mtu mwingine angeona wema hapo. Mimi nilijiuliza ni kwa nini mtu ajisumbue hivyo kwa mpinzani wake, nikakumbuka kwamba kikulacho ki nguoni mwako, nikala nusu.

Kazini tulihitajiana kuliko tulivyopenda. Mabamba ya sakafu ya tangi hayachomelewi ovyo. Unaanzia katikati ukielekea kando, mishono mifupi kwanza, mirefu baadaye, la sivyo chuma kikipata joto kinajikunja na sakafu inakuwa na vilima. Mshono mrefu mmoja unaweza kukuchukua siku nzima umepiga magoti, taa ya umeme begani, moshi puani. Mimi nilikuwa na Sabato yangu tangu jua la Ijumaa linapozama mpaka la Jumamosi. Yeye alikuwa Mkatoliki, Jumapili yake ni ya misa. Fundi Bakari aliswali Ijumaa mchana na hakutaka kusikia mtu akinyimwa siku yake, kwa hiyo tukawa na desturi: ninapoachia Ijumaa yeye anaendeleza Jumamosi, anapoachia Jumamosi mimi naendeleza Jumapili. Pale mshono unapobadilisha mkono tulichora mstari kwa kipande cha jiwe la sabuni kutoka Tabaka, upande huu alama ya huyu, upande ule alama ya yule. Na aliyeachia alikuwa na wajibu mmoja. Unapokata moto, mwisho wa mshono unabaki na kishimo, na juu yake gamba jeusi, uchafu ulioyeyuka ukaganda. Lazima uligonge kwa nyundo ndogo, upige brashi ya waya mpaka chuma king'ae, ndipo mwenzako aunganishe. Akiunganisha juu ya gamba, kwa macho mshono utapendeza, lakini ndani patakuwa na mwanya. Kila Jumapili nilipofika kwenye mstari wa Ochola nilipiga magoti na taa nikachunguza mwisho wake, na kila Jumapili niliukuta umesafishwa unang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Hata mara moja sikukuta uchafu. Bado Jumapili iliyofuata nilichunguza tena.

Ndani ya tangi jua halionekani. Una taa zako na giza lako, na saa za mkononi hatukuruhusiwa kuvaa karibu na mashine. Kwa hiyo Ijumaa jioni Ochola, aliyekuwa akitoka kupunga hewa, ndiye aliyenipa wakati. Jua likibaki na kimo cha viganja viwili juu ya vilima vya upande wa ziwa, alichukua jiwe akagonga ubavu wa tangi mara tatu. Mimi nikisikia nasafisha mwisho wangu, nachora mstari, natoka, nanawa, na Sabato inanikuta mtu safi. Alifanya hivyo wiki nyingi bila kuombwa mara ya pili. Unaweza kukisia nilivyofikiri. Nilifikiri mtu aliyeshika wakati wa Sabato yangu mkononi ameshika roho yangu, na kwamba siku akipenda atachelewesha jiwe lile nusu saa, niivunje amri nikiwa nimepiga magoti, kisha Jumapili wacheke vizuri zaidi.

Ijumaa ninayoiandika ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Mabamba ya mwisho yalikuwa yamechelewa, lori lao lilikwama Keroka siku mbili, na Fundi Bakari alitaka robo ile ya sakafu ipimwe wiki iliyofuata. Mchana mvua ya Kisii ikashuka. Mvua juu ya paa la tangi tupu si sauti ya kawaida. Huisikii kwa masikio tu, unaisikia kwa meno. Nilikuwa nimefika katikati ya mshono mrefu. Nilichomelea, nikabadilisha fimbo ya kuchomelea, nikachomelea, na kadiri muda ulivyokwenda nilizidi kutega sikio. Jiwe halikugongwa. Au limegongwa na mvua imelimeza. Au hakugonga, kwa makusudi, ndiyo leo. Nilikata moto katikati ya mshono. Sikugonga gamba wala kupiga brashi. Nilichora mstari kwa haraka, nikatupa kinga ya uso, nikatoka mbio kwa ule mlango wa ubavuni.

Nje mvua ilikuwa imeanza kukatika na jua limetoka chini ya wingu. Halikuwa limezama. Lilikuwa juu ya vilima kwa kimo kikubwa kuliko viganja viwili. Ochola alikuwa amesimama kando ya tangi, gunia la sukari kichwani kujikinga mvua, jiwe mkononi, akilitazama jua lile kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Alishangaa kuniona. "Bado, omera," akasema. "Iko nafasi. Rudi umalize kidogo." Nilihisi uso ukiniwaka kwa aibu, na aibu kwangu ilikuwa ikigeuka hasira kabla sijaitambua. Nikaona ananirudisha ndani ili jua linikute huko. Nikamwambia sirudi. Akaniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya kazi, si ya ugomvi: "Mwisho umesafisha?"

"Nimesafisha," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, akalitupa jiwe. Nilikuwa na muda wa kutosha. Kusafisha mwisho wa mshono hakumalizi dakika tano, na jua lile lilikaa pale nilipokuwa nanawa mikono, nilipokuwa navaa shati, nilipokuwa natembea kwenda kwa Mama Moraa, likinitazama njia nzima. Kesho yake kanisani tulisoma na kuimba, na mzee wa kanisa akahubiri juu ya jambo ambalo sikulisikia. Kichwani nilikuwa nikisema kwamba Ochola ataliona gamba. Fundi gani asiyeliona? Ataliona, atalisafisha, atanicheka kwa Kijaluo, yataisha. Jumapili nilipofika kazini mshono ulikuwa umemalizwa, mzuri, umelala sawasawa, alama yangu huku na yake kule. Ningeweza kumwita Fundi Bakari nikamwambia tupakate pale tuparudie. Nilisimama juu ya mstari ule na viatu vyangu, nikajiambia amesafisha, hakika amesafisha, nikaenda kuanza mshono mwingine.

Jumanne walileta sanduku la kupimia. Ni sanduku dogo, kioo juu, mpira chini. Unapaka mshono povu la sabuni, unaweka sanduku juu yake, unanyonya hewa kwa pampu, na kama kuna mwanya wowote povu linachemka. Fundi Bakari alipima mwenyewe, mshono kwa mshono, akitambaa. Sote tulimfuata kwa nyuma kama waombolezaji. Kwenye mstari wa jiwe la sabuni povu likachemka, mapovu madogo madogo, yakipanda kimya kimya. Alichukua patasi akapachimba, akainua kipande kwenye mwanga wa taa. Ndani ya chuma kilichong'aa mlikuwa na gamba jeusi limefukiwa zima. Akatuita wawili tu karibu, akanianza mimi kwa kuwa mshono ulianza na mimi. "Nyakundi, ulipoachia ulisafisha?"

Nimeishi miaka mingi tangu pale na nimesema maneno mengi, mengine mbele ya hakimu, mengine mbele ya madhabahu. Hakuna neno ninalolisikia wazi kama lile. "Nilisafisha, Fundi," nikasema. Akamgeukia Ochola. Ochola alinitazama. Nilingoja aseme, na nilikuwa tayari kubisha, nilikuwa nimeshapanga maneno. Hakusema kitu. Aliinamisha macho akatazama patasi. Fundi Bakari alisubiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, naamini alitaka kusikia lolote, kisha akasema kwa upole ulioumiza kuliko matusi kwamba Ochola akachukue haki yake ofisini.

Jioni ile Mama Moraa alipika kama kawaida, ugali na chinsaga, akaweka sahani mbili kwa mazoea. Ochola alikuwa ameshafunga godoro lake. Nilimsikia ng'ambo ya ubao akifagia chumba, mtu aliyefukuzwa kazi anafagia chumba ambamo hatalala tena. Alipita jikoni akamuaga Mama Moraa kwa heshima, akanipa mkono, nami nikaupokea. Alipoondoka, Mama Moraa akaniuliza kwa Kikisii kama mimi na yule kijana tumekosana. Nikasema hapana. Akasema amekula na wanaume wengi katika maisha yake, na anayekula bila kuuliza uliza hafukii kitu. Sikumaliza ugali, na kwa mara ya kwanza haikuwa kwa sababu ya kushuku chakula.

Mombasa nilikwenda mimi. Nilikaa huko miaka ishirini na minane, nikawa fundi mkuu, nikajenga Ikonge nyumba ya matofali, nikasomesha. Kila aliyenitazama aliona rangi ya fedha. Na katika miaka hiyo yote sikusema kwamba nilimdhulumu Ochola. Nilisema, nikiwa peke yangu, kwamba hata yeye alikosa, maana fundi haanzi moto juu ya mwisho wa mwenzake bila kuutazama. Nilijiambia huenda aliliona akaliacha makusudi ili linishike mimi. Nilijenga kesi hiyo vizuri sana. Nikiwa na miaka hamsini nilikuwa karibu kuiamini.

Wiki mbili baada ya kliniki nilikwenda Oyugis. Nyumba yake ni ya mabati, ua safi, miti ya mapapai, na kando yake kibanda ambamo mwanawe anatengeneza milango na madirisha ya chuma. Aliniambia yeye mwenyewe alifanya kazi hiyo hapo maisha yake yote, milango na vitanda, na matangi hakuyagusa tena kwa kuwa hakuna kampuni iliyomchukua baada ya habari ile kusambaa. Alisema hivyo bila uchungu, kama anayenionyesha mpaka wa shamba. Mkewe alitukaribisha chakula, tukala. Mkewe alipoondoa vyombo akarudi kuketi nasi, niliona kwamba nisiposema wakati ule sitasema. Nikamwambia yote: mvua, gamba, jua lililokuwa juu, neno nililomwambia Fundi Bakari. Niliongea nikitazama mikono yangu. Nikamwomba msamaha.

Ochola alijifuta jicho moja lililokuwa likimtoka maji. "Nyakundi, wewe umebeba hii kitu bure," akasema. "Hiyo Jumamosi niliona gamba yako. Ilikuwa nyeusi pale, na nyundo nilikuwa nayo kwa mkono. Nikasema wacha ikae, Fundi akifungua ataona ni ya Mkisii. Mimi nilitaka Mombasa, omera, sana. Nilikutegea, na mtego ikanishika mwenyewe. Ndiyo maana sikusema kitu."

Siwezi kuficha furaha niliyoisikia. Miaka hamsini ile kesi yangu ilikuwa inangoja shahidi, na shahidi amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Tulikuwa wawili, basi. Tulitegeana, mmoja akaanguka. Nilimkumbatia, tukacheka kama wazee wanavyocheka wakisikia ujinga wa vijana, akanisindikiza mpaka barabarani. Nilipanda gari nikiwa mwepesi.

Wepesi ule ulinifikisha Kisii tu. Nilipokuwa nangoja gari la Ikonge, fundi aliyemo ndani yangu alianza kuichunguza habari ile kama anavyochunguza kila mshono. Hakuna fundi anayemtega mwenzake kwa kufukia gamba chini ya moto wake mwenyewe. Likifunguliwa, wa kwanza kushikwa ni aliyelifunika, na Fundi Bakari alituambia hivyo siku ya kwanza kabisa. Ochola alilijua hilo kuliko mimi. Angetaka kunishika angeliacha wazi, amwite Fundi alione. Kwa hiyo hakuliona. Na kama hakuliona, fundi mwenye mkono ule, ni kwa sababu hakuangalia. Na hakuangalia kwa sababu Ijumaa, mvuani, aliniuliza kama nimesafisha, nikamwambia nimesafisha. Alichokifanya Jumamosi ile ni kuniamini. Kisha siku ya Jumanne alinyamaza, na leo hii, mbele ya mkewe, alijipaka uchafu ambao hakuwa nao, ili mimi nirudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Nilikaa chini pale pale steji, juu ya ukingo wa mtaro, mzee mzima na kofia yangu, nikalia. Watu walipita. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi alisogea akaniuliza, kwa upole, kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, sijafiwa. Nimetoka kumwona rafiki yangu.